Vermentino yaacha uchungu kooni: kosa la chupa au la sahani?

"Napikia wageni kwenye nyumba ya kupangisha huku Watamu. Familia moja ya Kiitaliano ilituachia chupa mbili za Vermentino di Gallura, mvinyo mweupe wa Sardinia. Ya kwanza niliitia friza saa mbili ipate baridi, nikaifungua na samaki wa kupaka mwenye pilipili ya kutosha. Haikunukia chochote, na kila aliyemeza aliachwa na uchungu kooni kama aliyetafuna lozi chungu. Chini ya chupa kulikuwa na vipande vinavyometa kama vioo. Mume wangu asema iliharibika kwa joto. Mimi nilidhani mvinyo mweupe na samaki ni chanda na pete. Kosa liko wapi? Na ya pili, ambayo bado iko kabatini juu ya friji, niipikie nini?"

Dada, kwa jinsi ulivyoeleza, chupa yako haikuharibika, na samaki naye hana hatia. Kilichogombana na mvinyo ni kile ulichompaka samaki, na friza ikachochea ugomvi. Chupa ya pili bado ina nafasi nzuri, ila leo hii itoe juu ya friji. Mgongo wa friji hutoa joto mchana kutwa, na kabati lililo juu yake ndilo mahali pabaya kuliko pote jikoni pa kuweka mvinyo.

Nianze na uchungu, maana ndio uliowatisha. Vermentino ni zabibu ya watu wa pwani. Hulimwa Sardinia, Liguria, ukanda wa bahari wa Toscana na kisiwa cha Corsica. Gallura ni pembe ya kaskazini-mashariki ya Sardinia, ambako mizabibu husimama kwenye mchanga uliotokana na mawe ya matale, ikipigwa na upepo mkavu wa maestrale. Mvinyo wa huko ndio pekee kisiwani uliopewa DOCG, daraja la juu kabisa katika sheria za mvinyo za Italia, na ulipewa mwaka 1996. Ukiunywa katika hali yake utapata harufu ya maua meupe, balungi, tufaha bichi na vijiti vya porini vilivyokauka juani. Ulimini una unene kidogo, una kitu kama chumvichumvi, na mwisho kabisa, ukishameza, hubaki uchungu mwembamba wa lozi. Huo uchungu ndio muhuri wake. Unatokana na viambata viitwavyo fenoli, vilivyomo kwenye ganda na kokwa za zabibu, na watengenezaji wa huko huuacha kwa makusudi kwa sababu ndio unaomfanya mlaji atake tonge jingine.

Kwa hiyo cha kujiuliza ni kwa nini uchungu ambao ungepita kama mnong'ono ulipiga kelele mezani kwenu. Naona sababu tatu, na zote zilikuwamo katika mlo mmoja.

Ya kwanza ni pilipili. Ukali wa pilipili si ladha, ni hisia ya moto: kiambata chake hugusa mishipa ya fahamu inayotuambia kwamba chai ni ya moto mno. Pombe nayo huigusa mishipa hiyohiyo na kuifanya iwe nyepesi kuamka. Mvinyo wa Gallura kisheria hauwezi kushuka chini ya asilimia 12 ya pombe, na ule ulioandikwa Superiore huanzia 13. Ukimwaga mvinyo wa namna hiyo juu ya ulimi unaowaka, moto unazidi, tunda linafichika, na uchungu unabaki peke yake uwanjani. Wengi hudhani mvinyo baridi huzima pilipili. Baridi husaidia kwa sekunde chache tu, halafu pombe inaendelea na kazi yake.

Ya pili ni utamu. Hutii sukari kwenye samaki wa kupaka, najua, lakini tui zito lina utamu wake, vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya dhahabu vina utamu, na nyanya zilizokauka na mchuzi vilevile. Ulimi ukishazoea utamu wa chakula, mvinyo usio na sukari huonekana mkavu, mchachu na mchungu kuliko ulivyo. Hapa ndipo mazoea yetu yanatupoteza. Kahawa chungu ya buli tunaituliza kwa kashata au halua, na inatulia kweli. Ukifanya hivyo kwa Vermentino utaona kinyume chake: kashata itaugeuza mvinyo uwe kama maji ya limau yaliyotiwa kwinini. Kanuni ya mezani ni kwamba chakula kisiwe kitamu kuliko mvinyo.

Ya tatu ni uchungu kukutana na uchungu. Samaki wa kupaka hupita kwenye makaa, na pale ngozi ilipoungua pana uchungu. Manjano yana uchungu. Kitunguu saumu kilichoungua ndicho kibaya kuliko vyote. Chungu juu ya chungu hujumlishana.

Tui lenyewe halina makosa makubwa, nisije nikakuogopesha. Mafuta ya nazi hufunika ulimi, na uchachu wa mvinyo huufagia, ndiyo maana mvinyo mweupe na chakula chenye mafuta huweza kupatana vizuri. Ungempika samaki yuleyule kwa tui jepesi, bila pilipili, chumvi iliyokolea kidogo na ndimu chache, mambo yangekuwa tofauti kabisa.

Usiyachukue haya kwa neno langu. Kabla ya kupika na chupa ya pili, tenga nusu glasi na uweke visahani vinne: cha chumvi, cha sukari, cha kipande cha limau, na cha pilipili iliyokatwa. Nywa funda moja la mvinyo mtupu ukumbuke ladha yake. Sasa lamba chembe chache za chumvi, kisha unywe: mvinyo utakuwa laini na uchungu utapungua waziwazi. Suuza kinywa kwa maji, ulambe sukari, unywe: utakunja uso. Suuza tena, uguse limau, unywe: mvinyo utaonekana mtamu kidogo, lakini ukizidisha limau utaonekana maji matupu. Pilipili iwe ya mwisho, maana ukianza nayo umeharibu jaribio zima. Baada ya dakika tano hizo utaweza kukisia chakula chochote kitafanya nini na mvinyo huu.

Hilo la limau linahitaji neno zaidi. Vermentino haina uchachu mkali kama baadhi ya mivinyo mingine ya Italia, kwa mfano Verdicchio ya Marche. Uchachu wake ni wa wastani. Chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo hulegea. Ndiyo maana ukwaju, achari ya embe na kachumbari iliyoloweshwa ndimu huushinda nguvu. Limau kidogo juu ya samaki linafaa sana. Limau la kukamulia sahani nzima halifai.

Sasa hofu ya mume wako. Joto huharibu mvinyo kweli, na kwa pwani ni haki yake kushuku. Lakini mvinyo uliochomwa na joto hautambuliki kwa uchungu. Tazama kizibo: kama kimesukumwa juu kidogo kikavimba kwenye foili, au kina mstari wa mvinyo uliopenya ubavuni hadi juu, chupa ilipata joto kali. Harufu yake huwa ya matunda yaliyopikwa, kama jamu. Ulioingiwa na hewa hubadilika rangi kutoka manjano mepesi yenye ukijani kuelekea dhahabu iliyokoza au kahawia, na hunuka tufaha lililopondeka. Vile vioo ulivyoviona ni chumvi ya asidi ya zabibu. Hujitenga na mvinyo unapopata baridi kali, hasa kwenye friza, wala havina madhara yoyote. Mimina polepole vibaki chini.

Liko jambo moja ambalo siwezi kulifuta kwa mbali. Kizibo cha gome la mti kinaweza kubeba kiambata kiitwacho TCA, kinachonuka kadibodi iliyolowa au ghala lenye ukungu. Kikiwa kingi utakijua mara moja. Kikiwa kidogo hakinuki, ila huzima harufu nzuri za mvinyo, na wewe umesema haikunukia chochote. Nadhani ilikuwa baridi tu, kwa sababu chupa iliyokaa saa mbili kwenye friza hukaribia nyuzi sifuri, na kwenye baridi hiyo harufu zote hulala. Kwa chupa ya pili fanya hivi: mimina kidogo, inusie ikiwa baridi, iache mezani dakika 15, uinusie tena. Harufu ikifunguka, baridi ndiyo iliyokuwa mkosaji. Ikibaki bubu au ikianza kunuka ukungu, kosa ni la kizibo, na hakuna chakula kitakachoiokoa. Chupa uliyonunua dukani yenye tatizo hilo irudishe na mvinyo uliobaki ndani yake. Muuzaji anayejua kazi yake atainusa mwenyewe na kukubadilishia.

Kuhusu chanda na pete. Kanuni ya mvinyo mweupe kwa samaki na mwekundu kwa nyama ina msingi, ila watu wameibeba nusu. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionjesha watu mivinyo mingi pamoja na samakigamba, wakaona kwamba kadiri mvinyo unavyokuwa na madini ya chuma mengi ndivyo shombo inavyobaki mdomoni. Mivinyo myekundu mara nyingi ina chuma zaidi, na ina tanini inayokausha ulimi, hivyo ugomvi wake na samaki ni wa kweli. Lakini hilo linakueleza mvinyo upi uuepuke, halikuelezi mchuzi upi uupike. Samaki mmoja, changu tuseme, akichomwa kwa chumvi ni rafiki wa Vermentino, akipikwa kwa ukwaju na pilipili ni adui yake. Soma mchuzi kwanza, samaki baadaye.

Ya pili uipikie nini? Mimi ningefuata watu wa Sardinia wenyewe. Alghero, mji wa pwani ya magharibi ya kisiwa, una chakula cha kambakoche wa kuchemshwa anayechanganywa na nyanya, vitunguu vibichi, mafuta ya zeituni na limau. Kwa macho yetu ni kachumbari juu ya kambakoche, na kwa kamba wa kawaida kinatoka vizuri vilevile. Kwa watu wanne chukua kilo moja ya kamba wakubwa wenye maganda. Chemsha lita 3 za maji na gramu 90 za chumvi, yawe na chumvi karibu ya bahari. Watie kamba, na usiondoke hapo. Dakika mbili hadi tatu zinatosha, wakishageuka waridi na kujikunja kama herufi C. Wakijikunja hadi mkia ukagusa kichwa wamepita, watakuwa kama raba. Watoe, usiwatie kwenye maji baridi maana wataacha chumvi na ladha yao humo, watandaze kwenye sinia wapoe, kisha uwamenye.

Vitunguu viwili vyekundu vikate vyembamba kabisa, uvifikiche na kijiko cha chai cha chumvi kama unavyofanya kwa kachumbari, uvioshe, kisha uviloweke dakika 15 kwenye maji baridi. Usiruke hatua hii: ukali wa kitunguu kibichi hukaa mdomoni kuliko samaki na mvinyo wote. Nyanya nne zitoe mbegu na maji yake, la sivyo sahani nzima itaogelea. Changanya na vijiko 5 vya mezani vya mafuta ya zeituni na viwili tu vya maji ya limau. Uwiano huo ni wa makusudi, mafuta yauzidi uchachu zaidi ya mara mbili, ili limau lisiushinde mvinyo. Pilipili manga kidogo, chumvi uonje mwenyewe, kisha uwaache kamba humo nusu saa wakiwa vuguvugu, si kwenye friji. Bizari usitie. Wapenda pilipili wawekee kibakuli pembeni, ajitumikie anayetaka na akubali yatakayomkuta na mvinyo wake.

Ukitaka makaa, changu mzima wa kilo moja atoshe. Mchanje, mpake gramu 15 za chumvi nusu saa kabla, mfute maji, mpake mafuta, na umchome kwenye makaa yaliyokwisha kutulia, si kwenye ndimi za moto, dakika 8 hadi 10 kila upande. Ngozi ikaushwe lakini isiwe nyeusi, kwa sababu uliyoyasoma hapo juu. Ngisi wa kukaanga wenye chumvi na pweza wa kuchemshwa aliyetiwa mafuta ya zeituni wako kundi hilohilo. Mkizi pia ana hadithi yake: huko Cabras, magharibi mwa Sardinia, mayai ya mkizi hutiwa chumvi, hukandamizwa na kukaushwa, na kuitwa bottarga. Hukwaruzwa juu ya tambi zilizokwisha kuepuliwa. Mgeni wa Kiitaliano akikuletea kipande, usikipike motoni, kitakuwa kichungu.

Kwa siku isiyo na samaki iko pesto ya Liguria, mchuzi mbichi wa basili wa kuchanganya na tambi, na Liguria nako Vermentino ni mvinyo wa nyumbani. Twanga kwenye kinu punje moja au mbili za kitunguu saumu na chumvi ya mawe, ongeza gramu 50 za majani machanga ya basili, kijiko cha mezani cha mbegu za msonobari, vijiko 6 vya jibini ya Parmigiano iliyokwaruzwa, viwili vya jibini ya Pecorino, kisha mafuta ya zeituni nusu kikombe taratibu. Mbegu za msonobari ni ghali na hazipatikani kila mahali. Korosho mbichi za Kilifi hushika nafasi yake vizuri, ingawa mtu wa Genova, mji mkuu wa Liguria, atakununia. Chuma chenye joto huyafanya majani yawe meusi, kwa hiyo ukitumia blenda ipumzishe kila sekunde chache, na pesto isiguse sufuria ya moto. Ipunguze uzito kwa vijiko viwili vya maji ya tambi. Chumvi ya jibini ndiyo itakayoulainisha mvinyo, kama kile kisahani cha kwanza.

Na siku ya samaki wa kupaka mwenye pilipili yake yote? Weka Vermentino kando bila kinyongo. Mvinyo unaofaa hapo ni wenye pombe kidogo na utamu kidogo. Moscato d'Asti ina asilimia 5 hivi tu ya pombe na sukari ya kutosha kutuliza moto. Prosecco, mvinyo wa povu wa Italia, iliyoandikwa Extra Dry (“kavu zaidi”) inafaa pia, na usidanganywe na jina: kwa lugha ya lebo hizo Extra Dry ina sukari zaidi kuliko ile iliyoandikwa Brut. Dafu baridi nalo halijawahi kumwaibisha mtu mbele ya samaki wa kupaka.

Baridi ya Vermentino iwe nyuzi 10 hadi 12. Bila kipimajoto, iweke friji ya kawaida saa tatu, uitoe robo saa kabla ya kula. Ukiwa na haraka, tumia ndoo yenye barafu nusu na maji nusu, pamoja na konzi ya chumvi, dakika 15 hadi 20. Maji ni lazima, maana barafu tupu hugusa chupa hapa na pale tu, na chumvi huyashusha maji chini ya sifuri. Mimina theluthi ya glasi kila mara; kwa joto la Watamu glasi iliyojaa huwa vuguvugu kabla hujaimaliza. Iliyobaki izibe, irudishe friji, na uimalize ndani ya siku mbili au tatu. Kwa chupa yako angalia pia mwaka kwenye lebo: Gallura ya kawaida hupendeza ndani ya miaka miwili au mitatu tangu mavuno, ile ya Superiore huvumilia zaidi. Na ukienda kununua nyingine, ujue zabibu hiyohiyo huitwa Pigato kwa baadhi ya watu wa Liguria, Favorita huko Piemonte, na Rolle kusini mwa Ufaransa.

Kwa kuwa unapikia wageni, yako mambo ambayo si ya kukisia. Ukitia mvinyo ndani ya chakula, pombe haiishi yote kama watu wanavyosema: mchuzi uliochemka robo saa hubaki na karibu asilimia 40 ya pombe uliyotia, na hata baada ya saa nzima hubaki robo. Mgeni Mwislamu, mjamzito au mtoto asipewe sahani hiyo bila kujua. Ni heshima na ni haki yake. Anayetumia metronidazole au dawa za kifua kikuu asiguse mvinyo mpaka azungumze na daktari au mfamasia wake. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua na salfaiti, kemikali za kuhifadhi mvinyo zinazotajwa kwenye lebo. Na mtu akianza kuvimba midomo au kukosa pumzi mezani, usibishane kama ni mvinyo au ni kamba. Mzio wa kamba unaweza kuua kwa dakika chache, mpeleke hospitali iliyo karibu wakati huohuo, na ukumbuke kumwambia daktari kila alichokula.